Sura ya Sita: Kuonana Kabla ya Kusemezana

Biashara ikikua hufika siku isitoshe katika jengo moja. Duka lililoanza na meza moja Kariakoo hupata ghala kando ya Barabara ya Nyerere, ghala nalo huzaa ofisi ya hesabu katika ghorofa ya mtaa mwingine, na mwenye mali, ambaye zamani aliijua shehena yake kwa kuitazama, sasa hulazimika kumpigia simu mtunza ghala na kumuuliza iwapo katoni zilizoandikwa daftarini ndizo zilizomo ghalani. Hapo ndipo huzaliwa haja ya kuziunganisha kompyuta za majengo hayo, ili daftari liwe moja, na kinachouzwa dukani kipungue papo hapo katika hesabu ya ghala. Waya ungalifaa, lau njia yote baina ya majengo hayo ingalikuwa mali ya mfanyabiashara. Lakini zimo barabara za serikali, nyua za watu, mifereji na reli, na kila mwenye ardhi ana haki ya kukataa kuchimbiwa mlangoni pake. Faiba ya kukodi ni nzuri pale ilipofika, ila haijafika kila uchochoro, na ilipofika hudai ada yake mwezi baada ya mwezi. Kwa wengi kinachobaki ni anga.

Katika sura hii nitaeleza jinsi daraja la angani linavyojengwa, na nitaitetea rai moja ambayo naiamini kwa dhati: kwamba fedha nyingi zinazopotea katika kazi hii hupotea kwa kununua nguvu mahali palipohitaji kuonana. Mnunuzi huuliza chombo hiki kinafika kilomita ngapi, na muuzaji humsomea idadi iliyochapishwa juu ya boksi, na wote wawili wakasahau kuuliza ni nini kimesimama katikati.

Fundi aliyeitwa kwa kazi hii huja na vyombo viwili ambavyo kwa umbo hufanana hata asiye mzoefu akavidhania kimoja. Cha kwanza ni kituo cha Wi-Fi, ambacho mafundi hukiita akses pointi: hiki huwahudumia wengi waliokizunguka, kompyuta, simu na mashine za kusomea alama za bidhaa, nacho hueneza mawimbi yake pande zote kwa sababu hakijui mteja wake atasimama wapi. Cha pili ni daraja la redio, ambalo mafundi huliita linki: hili halimhudumii mtu, bali huunganisha mtandao na mtandao, na kwa kuwa mwenziwe wa upande wa pili amefungwa mahali pamoja daima, huyakusanya mawimbi yake yote na kuyaelekeza huko. Ndani ya maganda yao aghalabu mna vipuri vya namna moja, na chombo kimoja huweza kuamriwa kwa programu kiwe hiki au kile; lakini kukitwisha kazi zote mbili kwa pamoja ni kukidhulumu, maana redio moja haiwezi kulisikiliza ghala na kumjibu karani wa dukani kwa nukta ile ile. Kila neno lililopokewa kutoka ng’ambo sharti lirudiwe tena kwa walio ndani, na wakati wa hewani ukagawanyika nusu kwa nusu.

Liko na jambo jingine lililofichika zaidi. Kifurushi cha data kinachotoka katika kompyuta ya kawaida kwenda katika kituo cha Wi-Fi hubeba anwani tatu, nazo zatosha maadamu msemaji ni kompyuta hiyo yenyewe; lakini daraja husema kwa niaba ya kompyuta nyingi zilizo nyuma yake, basi huhitaji anwani ya nne, ili jawabu lijue limrudie nani. Vyombo ambavyo havikuwekwa katika hali hiyo ya anwani nne ndivyo vinavyoleta ile ajabu ya daraja kusimama, taa zote zikawaka kijani, ilhali printa ya ghalani haionekani dukani. Asiyejua sababu huilaumu printa.

Asili ya maarifa haya ni visiwani. Chuo Kikuu cha Hawaii kilikuwa na kompyuta yake kubwa katika kisiwa cha Oahu, na baadhi ya waliohitaji kuitumia walikuwa wametengwa nayo na bahari, na njia za simu za zama zile zilikuwa ghali na dhaifu kwa kazi ya data. Norman Abramson na wenziwe wakaunda mtandao wa redio walioupa jina la ALOHAnet, ukaanza kazi mwezi wa Juni 1971 kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde. Kanuni yake ilikuwa nyepesi hata ikastaajabisha: kila mwenye la kusema na aseme mara moja, na asipopata jawabu la kukiri kwamba amesikika, angoje kwa muda wa kubahatisha, kisha arudie. Abramson akathibitisha kwa hesabu kwamba katika mpango huo anga haliwezi kutumika kwa manufaa zaidi ya asilimia 18 ya wakati wake, na kwamba kiasi kinachobaki hupotea katika migongano na katika ukimya. Robert Metcalfe, aliyeisoma kazi hiyo kwa makini, mwaka 1973 akabuni Ethernet huko Xerox PARC, California, akatia ndani yake adabu ambayo Hawaii haikuwa nayo, yaani kusikiliza kwanza kama kuna anayesema. Na Wi-Fi ya leo imeirithi adabu hiyo. Vyombo vyake hukaa kama wazee barazani, ambao mmoja akisema wengine hunyamaza, na akimaliza hupita kimya kidogo kabla ya mwingine kulishika neno. Msomaji na aliweke jambo hili moyoni, kwa kuwa baraza hilo hufaa pale tu ambapo kila aliyeketi humsikia kila mwenziwe.

Mwaka 1985 Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliruhusu masafa matatu, ya megahezi 900, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5.8, yatumiwe kwa mawasiliano ya aina hii pasipo leseni ya mtu mmoja mmoja. Hayakuwa masafa yaliyogombewa. Yalikuwa yametengwa kwa mitambo ya viwanda na hospitali, na tanuri za maikrowevu hufanya kazi papo hapo karibu na gigahezi 2.4. Juu ya msingi huo ikajengwa kanuni ya Wi-Fi iitwayo 802.11, iliyotolewa mwaka 1997 kwa kasi ya megabiti 1 au 2 kwa sekunde, na mwaka 1999 zikafuata ndugu zake wawili, mmoja wa megabiti 11 katika gigahezi 2.4 na mwingine wa hadi megabiti 54 katika gigahezi 5. Neema ya kutumia anga bila kulinunua ina sharti lake, nalo ni kwamba kilicho cha wote hakina mlinzi: jirani akifungua chombo chake katika masafa yako huna pa kumshitaki. Katika gigahezi 2.4 njia zisizoingiliana ni tatu tu, ya 1, ya 6 na ya 11, na katika mtaa wa maduka njia hizo zimejaa toka asubuhi hata usiku. Kwa sababu hiyo mimi sioni insafu wala hekima ya kujenga daraja la biashara katika masafa hayo ndani ya mji. Yaachiwe simu za wateja na vyombo vya zamani, na daraja lipandishwe katika gigahezi 5, baada ya kuuliza katika mamlaka ya mawasiliano ya nchi, ambayo kwa Tanzania ni TCRA, ni masafa yapi na nguvu kiasi gani zinazoruhusiwa.

Sasa tuje katika kuonana kwenyewe. Watu wengi hudhani kwamba iwapo jicho lililokaa juu ya paa la duka laliona paa la ghala, basi njia i wazi. Si hivyo. Mawimbi ya redio hayasafiri kama uzi mwembamba, bali huhitaji nafasi iliyovimba katikati na kuchongoka kwenye ncha, ambayo huitwa kanda ya Fresnel kwa jina la mwanachuoni wa Ufaransa aliyechunguza tabia za nuru mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa daraja la kilomita 4 katika gigahezi 5.8, nafasi hiyo katikati ya njia huwa na nusu kipenyo cha mita 7 hivi, na katika gigahezi 2.4 hupita mita 11. Mafundi hukubali iingiliwe kidogo, lakini hudai asilimia 60 yake ya ndani iwe safi, ambayo ni mita 4 na zaidi kila upande wa mstari wa jicho. Paa la bati likijipenyeza ndani ya nafasi hiyo, jicho litaendelea kuona na redio itaanza kugugumia.

Hapo ndipo Kariakoo huwa mwalimu mkali. Nyumba za chini zilizokuwa na bati na ua zimebomolewa na zinaendelea kubomolewa, na maghorofa yanapanda mahali pake. Na daraja lililojengwa kwa haki mwaka huu huweza kufunikwa mwaka ujao na zege la mtu mwingine, ambaye hakukosa lolote kwa kujenga juu ya kiwanja chake. Mwembe nao haujengi kwa kishindo, ila hukua, na majani yake yamejaa maji, na maji huyanywa mawimbi ya masafa haya. Linki iliyofanya kazi vyema wakati wa ukavu ikaanza kukatika mti uliponawiri si linki iliyoharibika, ni linki iliyofungwa njia.

Katika hali hiyo ndipo mfanyabiashara hushauriwa anunue chombo chenye nguvu zaidi, na ndipo hesabu inapostahili kuheshimiwa. Kuongeza nguvu ya kurushia mara mbili hulipa desibeli 3 tu, na mti mmoja wenye majani huweza kuzimeza zote na kudai nyingine. Dishi lenye kipenyo mara mbili hulipa desibeli 6, nalo hulipa katika kusema na hulipa tena katika kusikia. Ilhali nguvu humsaidia msemaji peke yake, na msemaji mwenye sauti kubwa na masikio dhaifu huwakera jirani zake pasipo kuelewa anachojibiwa. Zaidi ya hayo dishi la sentimita 60 katika gigahezi 5.8 huubana mwale wake katika nyuzi 6 hivi, na kwa kuubana huko huacha kusikia makelele ya pande zisizolihusu. Kimya hicho ni mali kubwa kuliko wati.

Ithibati ya rai hii haitaki kutafutwa mbali na vitabu vya mafundi. Mwaka 2006 Ermanno Pietrosemoli na wenziwe wa Venezuela waliunganisha nukta mbili zilizoachana kwa kilomita 279, upande mmoja ukiwa kilele cha Andes cha zaidi ya mita 4,000, na vyombo walivyotumia vilikuwa ruta za Wi-Fi za bei ndogo zilizobadilishwa programu. Na mwaka 2007 wakafikisha kilomita 382, wakapata megabiti 3 hivi kwa sekunde kila upande. Kilichowafikisha huko ni madishi makubwa, mlima mrefu na bonde lisilo na kizuizi. Walilazimika vilevile kuirekebisha subira ya vyombo vyao, kwa kuwa mawimbi ya redio hutumia sehemu moja ya milioni ya sekunde kwenda mita 300, na chombo kilichozoea kujibiwa kutoka chumba cha pili hukata tamaa mapema na kurudia maneno ambayo yamekwisha pokewa. Hata daraja la kilomita 4 huathirika kwa jambo hili: fundi asipokiambia chombo umbali wa kweli, kasi huporomoka, na hakuna kilichovunjika.

Katika pwani yetu bahari huongeza mtihani wake. Anayetaka kuvuka maji, tuseme kutoka hoteli ya ufuoni hata ofisi iliyo ng’ambo ya mlango wa bahari, hufurahi kuona mbele yake hapana mti wala ghorofa. Lakini uso wa maji huyarudisha mawimbi kama lifanyavyo bati, na mawimbi yaliyorudi hukutana katika dishi na yale yaliyokuja moja kwa moja, mara yakasaidiana, mara yakauana. Katika Unguja na Mombasa maji ya bamvua hupanda na kushuka kiasi cha mita 4, basi urefu wa ile njia iliyorudi hubadilika pamoja na maji, na linki ikawa na nyakati za kupwa na kujaa zake yenyewe. Mwenye kuona mtandao wake ukilegea kwa saa zinazosogea kila siku na atazame kalenda ya mwezi kabla ya kuwatukana watoa huduma. Dawa ni kuliweka dishi nyuma kidogo ya ufuo, ili ukingo wa ardhi au paa liufunike uso wa maji na kuacha njia ya juu wazi, au kufunga madishi mawili ya kimo mbalimbali, ili moja linapozama katika mauaji hayo jingine liwe salama.

Ndani ya majengo nako pana darasa lake, na Mji Mkongwe wa Unguja ndio darasa bora. Kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa, ambazo nyingi hupata nusu mita ya unene, zilijengwa kulinda joto lisiingie, nazo huyalinda mawimbi yasipite kwa uaminifu ule ule. Mwenye hoteli katika jumba kama hilo huweka kituo kimoja chenye nguvu mapokezini, na mgeni wa chumba cha tatu hapati kitu. Nguvu haitapenya huko, na hata ikipenya, simu ya mgeni haina nguvu ya kujibu. Panatakiwa vituo vidogo vingi, kila kimoja katika ukumbi wake au uani, vikilishwa kwa waya kutoka katika swichi, na sauti yake ipunguzwe, wala isiongezwe, ili kila simu ikiache cha nyuma na kukishika cha mbele mgeni anapotembea. Waya wa kawaida wa mtandao hufika mita 100, nao hubeba umeme na data kwa pamoja, basi hapana udhuru wa kutaka umeme katika kila dari.

Mwenye matawi mengi hukutana na taabu ile niliyoiashiria nilipotaja baraza. Akiweka antena moja pana makao makuu, na matawi manne yakaielekea kila moja kwa dishi lake, matawi hayo humsikia mkubwa wala hayasikilizani yenyewe kwa yenyewe, kwa kuwa kila dishi limewapa wengine kisogo. Kila tawi husikiliza, likaona kimya, likasema. Na wote wanne wakasema pamoja. Hapo tumerudi Hawaii ya mwaka 1971. Vyombo vilivyotengenezwa kwa kazi hii huiacha kanuni ya kusikiliza na kumfanya mkubwa agawe zamu, kila tawi kwa sehemu yake ya wakati, na mnunuzi wa matawi mengi asikubali vyombo visivyo na uwezo huo, hata vikiwa rahisi.

Kisha yapo madhara yanayotokana na wema. Mfanyabiashara aliyepata faiba huiacha linki yake ya zamani ikiwa imefungwa vilevile, kwa akili kwamba njia mbili ni bora kuliko moja, na kwa hakika ni bora, ila si kwa kuzichomeka zote katika swichi mbili zile zile na kwenda zake. Kompyuta hupiga mbiu mara kwa mara kuuliza nani yuko wapi, na swichi huipeleka mbiu hiyo kila upande. Mbiu ikienda kwa faiba ikarudi kwa redio, itakwenda tena na tena bila kikomo, na katika muda mfupi mtandao wote wa duka na ghala huzama. Radia Perlman, alipokuwa katika kampuni ya Digital ya Marekani mwaka 1985, alibuni taratibu ambayo kwayo swichi hujitambua zimo katika mzunguko, zikaifunga njia moja na kuifungua tu ile nyingine inapokatika. Swichi nzuri zinayo, za bei ya chini mara nyingi hazina. Lililo bora zaidi, kwa maoni yangu, ni kuweka ruta katika kila upande, ili mbiu za ghalani zibaki ghalani, na angani ipite kazi tupu.

Juu ya ulinzi sitasema mengi, kwa sababu neno lenyewe ni fupi na halina mjadala. Mawimbi hayakomei katika ukuta wako. Ulinzi wa mwanzo wa Wi-Fi, uliojulikana kwa jina la WEP, ulivunjwa kwa hoja za hesabu mwaka 2001 na Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir. Na bado kampuni ya maduka ya Marekani iitwayo TJX iliendelea kuutumia, hata wezi walioingia kwa njia ya Wi-Fi ya maduka wakachukua habari za kadi za benki zisizopungua milioni 45.7, wizi uliotangazwa Januari 2007. Tangu mwaka 2004 ipo WPA2, na tangu 2018 ipo WPA3. Hapana sababu ya mtu kutumia chini ya hizo, wala ya kuyaacha maneno ya siri yaliyotoka kiwandani, wala ya kuwaweka wageni wa hoteli katika mtandao mmoja na daftari la hesabu.

Kuhusu mvua, watu huisingizia. Katika gigahezi 5 matone ya masika hayapunguzi kitu cha kuhesabika katika kilomita chache. Linki inayokufa wakati wa mvua aghalabu imeingiwa na maji katika kiungo cha waya kilichofungwa bila kuzibwa, au mlingoti wake umelegea na upepo wa kusi ukalisogeza dishi. Chumvi hula chuma cha pwani upesi, kwa hiyo bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu. Radi hustahili kuogopwa kikweli, na mlingoti uliokosa waya mnene wa kwenda ardhini ni hatari kwa vyombo na kwa roho za watu.

Basi wewe unayekusudia kuunganisha duka lako na ghala lako, kabla hujatoa fedha mtake fundi akupandishe juu ya paa, akuonyeshe upande wa pili kwa macho yako, akutajie kila jengo na kila mti ulio katikati pamoja na kimo chake, na akuandikie katika karatasi ni desibeli ngapi atakazobakiwa nazo siku mti ule utakapokua. Akishindwa kukuonyesha, usitie saini.